Ungo wa Rahma

Mwajuma wa Malindi, kijiji cha milimani Lushoto, alikuwa na kasoro moja tu, nayo aliibeba mdomoni. Habari njema haikulala kwake. Ikiingia asubuhi, mchana iko sokoni Lushoto, jioni imeteremka na basi la Mombo, na kesho yake inapanda tena milima ikiwa imenenepa, hata yeye mwenyewe akikutana nayo njiani haitambui. Watu walimpenda hivyo hivyo. Ukitaka maharage yasiyo na jiwe hata moja ulikwenda kwa Mwajuma, na ukitaka kujua nani kaposwa na nani kahama chama ulikwenda kwa Mwajuma huyo huyo, ukanunua na maharage ili usionekane umefuata umbea.

Asidhaniwe vibaya, lakini. Hakuwa msengenyaji. Furaha ndiyo iliyokuwa ikimwasha ulimi. Siku za soko alikaa nyuma ya magunia yake na ungo mapajani, mikono inapepeta, mdomo unapepeta, na mwisho wa siku vyote viwili vimefanya kazi ya halali.

Mtoto wake alikuwa mmoja, Rahma. Miaka ile ya foleni, sukari ilipokuwa adimu kuliko dhahabu, Mwajuma alimshika mkono wakasimama pamoja mbele ya duka la kijiji tangu alfajiri, na mara nyingi walirudi mikono mitupu. Siku waliyobahatika, mtoto alikaa akakodolea macho kikombe chake badala ya kunywa.

"Mama, sukari ikipotea kwenye chai inakwenda wapi?"

"Inakwenda tumboni mwako. Kunywa kabla haijapoa."

Jibu hilo halikumtosha Rahma, na mnaweza kusema kila kilichofuata kilitoka kwenye kikombe kile. Alisoma, akafaulu, akateremka Dar es Salaam chuo kikuu kusoma kemia. Aliporudi milimani, ruksa ya biashara ilishaingia siku nyingi: maduka yamejaa sukari, na watu binafsi wanafungua shule. Akapata kazi ya kufundisha kwenye mojawapo ya shule hizo mpya za Lushoto, na kila Jumamosi alikuwa akija Malindi kuwasalimu wazazi.

Jumamosi moja ya mwaka 2000 aliingia uani karibu anakimbia. Mwajuma alikuwa anapepeta.

"Shikamoo mama. Nimepata!"

"Marahaba. Umepata mchumba?"

"Nimepata udhamini. Nakwenda Uholanzi kusoma kemia ya nyota."

Mwajuma alipiga kigelegele kwanza, kisha ndipo akauliza ni kitu gani. Rahma akachuchumaa karibu yake. Akamweleza kwamba kati ya nyota na nyota si patupu kama watu wanavyodhani. Kuna mawingu ya gesi na vumbi, yana baridi kupita barafu yoyote, na ndani yake kumejaa kemikali. Kuna kileo, kuna amonia ile inayonuka chooni, kuna na asidi wanayokuwa nayo sisimizi. Kila mwaka wataalamu wanaongeza nyingine kwenye orodha, na mwaka huu huu wametangaza kwamba wamekuta aina ya sukari.

Mwajuma aliuweka ungo chini. "Sukari? Sukari hii?"

"Ndugu yake mdogo kabisa. Huwezi kuitia kwenye chai. Lakini ni ukoo mmoja."

"Kumbe ndiko ilikokuwa!" Mwajuma alipiga makofi. "Sisi tunakanyagana kwenye foleni, mwenye duka anaapa kwamba imekwisha, kumbe imejaa mbinguni!"

Walicheka mpaka kuku wakatawanyika. Hata hivyo Mwajuma alikuwa mfanyabiashara, na baada ya kufuta machozi aliuliza swali la mfanyabiashara. "Na ukishaijua hiyo sukari ya mbinguni, utakula nini?"

Rahma alikuwa amejiandaa. Alisema akimaliza anaweza kufundisha chuo kikuu, maana nchini hakuna hata mmoja aliyemsikia anafundisha somo hilo. Afrika Kusini nako wanachunguza anga na wanahitaji watu. Wengine wanakaa maabara wanatengeneza kipande cha ile baridi na ile gesi ndani ya chombo, waone kemikali zinaunganaje. "Na nikichoka na mbingu, mama, mtu aliyezoea kutambua kemikali kidogo kiasi kile, mbali kiasi kile, hashindwi kutambua dawa iliyobaki kwenye kabichi. Siku hizi maduka ya dawa yamejaa Lushoto, kila mtu anapulizia anachojisikia. Nani anapima?"

"Hakuna," alisema Mwajuma, ambaye kabichi zake mwenyewe alizipulizia kwa kukisia. "Sasa mnaionaje, huko mbali?"

"Hatuioni, tunaisikiliza. Kila kemikali inajizungusha, na ikijizungusha inatoa mawimbi ya redio ya kwake peke yake. Tunayadaka kwa chombo kama..." Rahma aliangalia huku na huku, akauokota ungo wa mama yake, akauinamisha kuelekea juu. "Kama huu. Ila mkubwa kuliko nyumba yetu."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa uani pale wote wawili walikuwa wanatabasamu. Mwajuma alilisikia neno ungo, akalipenda kwa kuwa ni neno la kazi yake, akalikumbatia. Mengine yote aliyaacha yatafute njia yenyewe.

Siku ya soko alikuwa wa kwanza kufika. "Jamani, mwanangu anakwenda Ulaya! Anakwenda kusomea dawa za nyota. Ni unajimu, lakini wa kisasa. Na huko anakabidhiwa ungo mkubwa kuliko nyumba yangu, unaelekea mbinguni!"

Soko lilinyamaza. Mwenye nyanya aliacha kupanga nyanya. Mwenye mapea alimtazama mwenye vitunguu. Mnajimu kwa watu wengi ni yule anayekufungulia kitabu akakwambia bahati yako, na dawa ya nyota ni ile anayokuogeshea ili nyota yako iliyochafuka ing'ae. Kuhusu ungo, hakuna mtu asiyejua ni watu wa namna gani wanaopita angani nao usiku, na si wauza maharage. Mwajuma aliona kimya kile akadhani ni heshima. Akaongeza kwamba gharama zote zinalipwa na Wazungu.

Wiki haikuisha kabla wateja hawajaanza kupanda Malindi. Alikuja msichana anayetaka kujua ataolewa mwaka huu au mwakani. Alikuja mzee aliyepotelewa na mbuzi. Rahma, aliyekuwa amerudi nyumbani kusubiri safari, aliwakaribisha wote, akawapa chai, akawaeleza habari za gesi na vumbi, nao wakaitikia kwa adabu huku wakisubiri amalize ili aanze kazi.

Aliyeleta balaa yenyewe ni Rajabu. Huyu alikuwa na kipanya, basi dogo linalopiga safari za Lushoto na Mombo na kuharibika njiani Soni kila wiki, na mwaka huo alikuwa anagombea udiwani. Alifika na jogoo mweupe, akakaa naye mapajani sebuleni.

"Mwalimu, usinifiche," alimwambia Rahma. "Nyota yangu imefifia. Gari halitembei, wapiga kura hawanitazami. Nisafishie tu kabla ya uchaguzi."

"Kaka Rajabu, mimi nafundisha kemia."

"Ndiyo hiyo hiyo. Nimeleta na jogoo."

Mlango ukafunguliwa, akaingia mzee Idrisa anatoka msikitini. Idrisa ndiye baba yake Rahma, na ndiye muadhini wa Malindi. Msikiti wao haukuwa na umeme wala kipaza sauti, na haukuvihitaji. Idrisa alikuwa na sauti inayovuka bonde zima ikafika ng'ambo haijachoka. Nje ya adhana alisema kidogo, pengine kwa kuwa nyumba ile ilikuwa na msemaji tayari.

"Shikamoo mzee," alisema Rajabu, akajaribu kusimama na jogoo. "Hongera sana. Tumesikia mwanao anakabidhiwa ungo."

Idrisa alimtazama Rajabu, akamtazama jogoo, akamtazama binti yake. Msikitini siku hizo watu walikuwa wananyamaza akikaribia, na sasa alijua sababu. Hakupaza sauti. Alimwomba Rajabu aende nyumbani, na Rajabu akaenda kwa haraka iliyomfanya asahau jogoo.

Rahma alijaribu kumweleza baba yake siku hiyo hiyo. Bahati mbaya alianza na neno unajimu, kwa kuwa ndilo aliloliona vitabuni kwa maana ya elimu ya nyota, na kabla hajafika kwenye mawimbi Idrisa alikuwa ameinua mkono.

"Mimi nawaita watu kwenye sala," alisema. "Nitawaitaje, na nyumbani kwangu kuna mtu anapiga ramli? Sitaki tena habari za ungo chini ya paa hili. Kwenda, nenda, wewe ni mtu mzima. Radhi yangu nabaki nayo."

Wakati huo safari ilikuwa imebakiza wiki mbili. Rahma hakubishana na baba yake, ila alimwambia mama yake jikoni, kwa sauti ya chini, kwamba bila radhi haendi. Akatoa nguo kwenye begi akazirudisha kabatini. Mwajuma aliona gauni la mwisho linaning'inizwa, na moyo ukamuuma kuliko alivyowahi kuumwa kwa jambo lolote, kwa sababu alijua vizuri mdomo gani umefanya kazi ile.

Akaenda kuusahihisha. Siku ya soko alisimama juu ya gunia. "Jamani, nilikosea kusema! Ungo wenyewe hauruki. Ni wa kusikilizia!"

"Kusikiliza nini?" aliuliza mwenye nyanya.

"Sauti. Vitu vya huko juu vinasema, kila kimoja na sauti yake."

Mwenye nyanya alisogeza meza yake. Jioni ile habari iliyopanda milima ilikuwa kwamba binti wa muadhini anaongea na sauti, na Mwajuma alirudi nyumbani akaapa hatafungua mdomo mpaka afe. Alikaa kimya tangu magharibi hadi chai ya asubuhi, na jirani mmoja akaja kuuliza kama anaumwa.

Siku nne kabla ya safari Mwajuma alivuka bonde kwenda kwa Efrazia kununua maharage. Efrazia alikuwa Mlutheri, mwimbaji wa kwaya, na rafiki yake wa miaka mingi. Alikaa kwenye mgongo wa kilima cha ng'ambo, uso kwa uso na Malindi, ingawa siku hiyo uso haukuonekana. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni, hata migomba ya uani ilikuwa vivuli tu. Walikaa jikoni wanachambua maharage, Mwajuma akawa anamwagia rafiki yake machungu yote, ndipo adhana ya alasiri ikavuka bonde. Efrazia alitega sikio akatikisa kichwa.

"Mama Rahma, mzee leo ana mafua. Mchemshie tangawizi."

"Umemwona wapi?"

"Nimwone wapi kwenye ukungu huu? Nimemsikia. Sauti imekwama puani, na mwisho ameukata upesi, amechoka. Mimi nimeletwa hapa bibi harusi, nikamjua sauti kabla ya sura. Siku nilipomkuta kwenye mashine ya kusaga anamsalimu mtu, nikaruka: kumbe ndiye huyu! Sauti yake ndiyo saa yangu ya kutoka shambani, na siku akiadhini mwingine najua mzee kasafiri."

Mwajuma alibaki na kiganja cha maharage hewani. Halafu akaanza kucheka, akacheka akashika mbavu, maharage yakamwagika sakafuni yote. "Simama," alisema. "Vaa kandambili zako. Twende kwangu sasa hivi."

"Kuna nini?"

"Wewe njoo. Na ukifika, yaseme hayo hayo."

Walimkuta Idrisa kando ya moto, blanketi mabegani, pua nyekundu. Rahma alikuwa chumba cha pili, mlango wazi. Jogoo wa Rajabu alikuwa anazunguka uani kama mwenye nyumba.

"Shemeji, pole na mafua," alisema Efrazia.

Idrisa alimgeukia mkewe. "Mdomo wako umeshafika ng'ambo?"

"Wallahi sijasema neno!"

"Hakusema," alisema Efrazia. "Nimekusikia mwenyewe, alasiri."

"Kwenye ukungu huu?"

"Ukungu umezuia nini? Sauti ilikuwa puani. Na jana hukulala vizuri."

Idrisa alijigusa pua. Ni kweli hakulala, na sababu haikuwa mafua peke yake.

"Basi baba Rahma," alisema Mwajuma, mikono kiunoni, "huyu naye ni mnajimu. Yuko ng'ambo, hakuoni, amekutambua kwamba ni wewe na si muadhini mwingine, akajua mpaka hali ya pua yako. Mkataze na yeye habari za ungo!"

"Mimi?" Efrazia alishtuka. "Mimi ni mtu wa kwaya!"

Idrisa aliinamisha kichwa. Mabega yakaanza kutikisika ndani ya blanketi, na Mwajuma akaogopa amemkasirisha, kumbe alikuwa anacheka akikohoa. Alipopata pumzi aliita, "Rahma!" Binti akasimama mlangoni.

"Hizo kemikali zako. Zinaita?"

"Zinatoa mawimbi, tate," alisema Rahma. Neno hilo la Kishambaa la kumwita baba alikuwa hajalitumia tangu aanze shule. "Kila moja ya kwake, haiigi ya mwenzake. Tukiyadaka tunajua ni nani, na alipo ni baridi au joto."

"Na mafua mnayajua?"

"Karibu na hapo."

"Mtu akija kuuliza ataolewa lini?"

"Hatujui. Hata yangu mwenyewe siijui."

"Na huo..." Idrisa alisita, neno likamshinda. "Huo wa kupepetea. Unaruka?"

"Haubanduki, tate. Umefungwa chini kwa zege."

"Kwa zege!" alisema Idrisa, na neno hilo ndilo lililomtuliza, maana hajawahi kusikia mchawi anayefunga chombo chake kwa zege. Akasukuma ukuni motoni. "Kwa hiyo vimekuwa vikiita huko juu siku zote hizi," alisema, "na sisi hatuna sikio. Niliogopa, mwanangu. Nilidhani nimekupoteza. Njoo hapa."

Rahma akapiga magoti. Baba yake akamwekea mkono kichwani, akamwombea dua ndefu kwa pua iliyoziba, akampa radhi yake yote, ya kwenda na ya kurudi. Efrazia alisema amina. Mwajuma alitaka kusema kitu, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe hakukipata, akalia tu.

Jogoo wa Rajabu alichinjwa kwa ajili ya karamu ya kuaga. Rajabu mwenyewe alialikwa, akala paja lote, akauliza kama bado hakuna namna ya kumsaidia kidogo kwenye udiwani.

Siku ya safari nusu ya Malindi iliteremka stendi ya Lushoto, wengine kumsindikiza, wengine kuona ataondokaje hasa. Rahma alikuwa ameshapanda basi na dereva ameshawasha, ndipo ikasikika sauti ambayo watu wale waliizoea kutoka msikitini tu.

"Rahma binti Idrisa! Umesahau ungo wako!"

Stendi yote iligeuka. Muadhini alikuwa anakuja katikati ya watu ameinua juu ya kichwa ungo mdogo mpya, aliokwenda kuununua sokoni mwenyewe, mwenye nyanya akiona. Akampitishia binti yake dirishani.

"Huu ni wa kupepetea," alisema, na hakuna aliyelikosa neno hata upande wa pili wa barabara. "Mkubwa utaukuta huko huko, umefungwa kwa zege. Ni wa kusikiliza vitu alivyoviumba Mungu. Mwenye swali anione baada ya sala."

Aliyeanza kucheka ni Mwajuma, akafuata Efrazia, kisha stendi nzima, hata dereva akalazimika kuzima gari mpaka watu watulie. Mwenye nyanya alipiga kigelegele kuliko wote. Basi lilipoanza kuteremka kuelekea Soni, ungo ulikuwa unapunga dirishani, na watu wakaupungia mpaka kona ikaumeza.

Mwaka uliofuata minara ya simu ilianza kupanda milimani. Rajabu, ambaye kura hazikumtosha, alikuwa wa kwanza kununua simu ya mkononi, akaikopesha nyumba ya muadhini siku Rahma alipoahidi kupiga. Ilikuwa siku ya ukungu tena. Walikaa wote kuizunguka, na ilipolia Mwajuma aliirukia, lakini Idrisa alikuwa ameshaishika. Aliiweka sikioni kwa uangalifu.

"Allo," alisema. Neno moja tu.

"Tate," ilisema sauti ya Rahma, karibu kana kwamba yuko jikoni. "Una mafua."

Idrisa aliiondoa simu sikioni akaitazama. Machozi yalikuwa yanamteremka na alikuwa anacheka. Halafu akamtazama mkewe, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kiti, midomo imebanwa kwa mikono yote miwili.

"Nenda, mama Rahma," alisema. "Nenda kawaambie. Usiache hata neno moja."